Lizikeni Shamba la Sita

Wiki iliyopita tulimwacha Ding Suqin ukingoni mwa Shamba la Sita, beleshi mkononi, na Bosi Kang Delu, mwenye kampuni ya mvinyo, ameshuka kwenye gari lake jeusi bila hata kuzima injini. Maneno ya bosi yalikuwa haya: "Atakayetia beleshi kwenye shamba hili, leo ndiyo siku yake ya mwisho kazini."

Kwa aliyekosa gazeti, kisa kilifika hapa. Huku chini ya milima ya Helan baridi huua mzabibu uliosimama wazi. Kila Novemba tunailaza mizabibu chini na kuifukia kwa udongo, na Aprili tunaifukua. Ukitaka kuua shamba huku Ningxia huhitaji shoka wala sumu. Unahitaji tu kukaa bila kufanya kitu.

Bosi Kang alikuwa ameamuru mashamba matano yafukiwe. La sita, lenye zabibu tunazoziita Lulu za Joka, liachwe kama lilivyo. Redio ilikuwa imetangaza baridi ya kushuka alfajiri ya kesho: nyuzi kumi na sita chini ya sifuri.

Shamba hilo lilipandwa na familia kumi na moja zilizohamishwa kutoka milima ya kusini, ile isiyo na mvua, miaka ishirini na moja iliyopita. Mkataba wao na kampuni ni wa karatasi moja. Ardhi ni yao maadamu mizabibu yao iko hai. Ikifa, ardhi inakwenda kwa kampuni. Haijalishi imekufaje.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Suqin alilitazama beleshi lake. Akamtazama bosi.

"Bismillahi," akasema, akalizamisha.

Kang alikunja uso. "Umeachishwa kazi."

"Nimesikia." Suqin alirusha udongo pembeni na kuzamisha tena. "Sasa mimi si mfanyakazi wako, kwa hiyo huwezi kuniamuru. Umenipa siku ya mapumziko, nami napenda kuitumia hapa."

"Dada Ding, usinichekeshe. Hujawahi kuonja mvinyo wangu hata tone moja, dini yako haikuruhusu. Leo unanifundisha zabibu gani ziingie kwenye pipa?"

"Mvinyo sikufundishi. Mzabibu ndio nakufundisha. Huo nimeulaza na kuuamsha mara ishirini na moja, wewe ukiwa ofisini."

Nyuma ya Suqin walisimama wanawake kumi, wa zile familia nyingine kumi, vitambaa vimefungwa hadi machoni kwa ajili ya vumbi. Kang aliwageukia. Sauti yake ikawa laini, na hiyo ndiyo sauti yake ya kuogopwa.

"Na nyinyi? Shamba la Tatu halijamalizika. Anayekwenda kulimaliza, kazi yake iko palepale. Anayebaki hapa amfuate huyu."

Upepo ulipita katikati ya mistari ukapiga nyaya.

Shangazi Tuo ndiye aliyeanza kuondoka. Ana miaka sitini na mmoja, ndiye mkubwa wao, na ulimi wake unajulikana mpaka mjini Yinchuan. Alimtazama Suqin, akamtazama bosi, akageuka na kwenda. Wa pili akamfuata. Wa tatu. Mpaka wote kumi walikuwa kwenye njia ya magari wakielekea majengoni, hakuna aliyegeuka.

Suqin hakuwaita. Aliendelea kuchimba, lakini mikono ilikuwa mizito.

"Unaona?" Kang alisema walipokwisha kupotea kule majengoni, karibu kwa huruma. "Watu wana watoto, Dada Ding. Nenda nyumbani ukanywe chai."

Akaingia garini. Alikuwa ametoka kama mita hamsini alipoona kitu mbele njiani na kufunga breki.

Wanawake kumi walikuwa wanarudi kutoka stoo. Kila mmoja na beleshi begani.

"Ulidhani tunakwenda wapi?" Shangazi Tuo alipita karibu na dirisha la gari bila kupunguza mwendo. "Tuchimbe kwa kucha?"

Kang alipandisha kioo na kuondoka kwa kasi.

Suqin alijifuta macho kwa mkono wa koti. "Shangazi, ungenikonyeza basi. Nimezeeka miaka kumi pale."

"Ningekukonyeza ungecheka, na yule angejua. Wewe uso wako hauwezi siri. Haya, mistari kumi na miwili, watu kumi na mmoja. Nani anachukua miwili?"

"Mimi," alisema Suqin.

"Nilijua. Sijui kwa nini nimeuliza."

Wakaanza. Na hawakufika mbali kabla ya kugundua kwamba Kang alikuwa amewatangulia.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaulaza mzabibu taratibu, unaushikilia kwa goti, unaumwagia udongo mpaka uwe tuta lisilopitisha upepo. Udongo lazima uwe na unyevu ili ushikane. Ndiyo maana mashamba yote hunyweshwa maji wiki mbili kabla. Suqin alimwaga beleshi la kwanza juu ya shina, akapigapiga, na udongo ukatiririka kando kama unga wa ngano. Shina likabaki wazi. Akamwaga la pili. Likatiririka.

Alipiga magoti, akachota kiganja kimoja, akakifungua. Upepo ukachukua chote.

"Maji hayakuletwa huku," alisema. "Alifunga bomba la shamba hili tangu mwisho wa Oktoba. Hili halikuanza leo."

Udongo mkavu ni mbaya kuliko kutofukia kabisa, maana unaonekana tuta zuri kwa nje na ndani baridi inapita kama kwenye chandarua. Walikuwapo watu, miaka ya mwanzo, waliofukia hivyo. Walifukua Aprili wakakuta kuni.

"Basi tunachimba chini zaidi," Suqin alisema.

"Chini kiasi gani?"

Alichimba katikati ya mistari mpaka mkono wake ukazama hadi kiwiko. Akaibuka na bonge la udongo mweusi, akalibana. Lilibaki limebanana.

"Hapa."

"Hiyo ni kazi mara mbili," alisema mwanamke wa mstari wa nne.

"Ndiyo. Tuanze mara mbili."

Wakachimba. Juu kokoto, chini mchanga, chini zaidi ule udongo mweusi. Saa sita walikula wamesimama, mikate ya mvuke iliyopoa na chai ya tende nyekundu kutoka kwenye chupa za kutunza joto. Walikuwa hawajamaliza hata theluthi.

Ndipo pikipiki ya umeme ikaja kwenye njia ya magari. Aliyeiendesha alikuwa Kang Yue.

Huyu ndiye binti pekee wa bosi. Ana miaka ishirini na saba, alisomea kutengeneza mvinyo Bordeaux, Ufaransa, na tangu arudi ndiye anayepanga kila mchanganyiko unaotoka kwenye mapipa ya baba yake. Mvinyo wao ni mwekundu wa kuchanganya kwa mtindo wa kule alikosoma, zabibu za aina tatu: Kaberne nyingi, Merlo kiasi, na kidogo cha Lulu za Joka.

Wanawake wanampenda. Walipomwona walidhani ameleta msaada. Alikuwa ameleta uso mweupe kama chokaa.

"Dada Ding, simameni kwanza. Nina neno."

"Liseme huku tunachimba, binti yangu. Leo hatusimami."

"Barua ya kuliacha shamba hili niliandika mimi."

Sasa mabeleshi yalisimama, yote kumi na moja.

Shangazi Tuo ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mtoto huyu nilimpikia tambi wiki nzima alipokuwa na homa. Nazitaka tambi zangu."

"Shangazi, mwache aseme," Suqin alisema. Hakuwa na hasira usoni, na kwa Yue hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

"Niliandika kwamba Lulu za Joka za mwaka huu zina ladha ya mbichi. Nyasi, pilipili hoho." Yue alikuwa anaongea haraka. "Katika mvinyo wetu Kaberne ndiyo mifupa, Merlo ndiyo nyama, na hizi zilipaswa kuwa pumzi. Mwaka huu zilikuwa zinaharibu zote mbili. Nikaandika shamba liachwe, lisitumike kwenye mchanganyiko. Baba ametumia neno hilo hilo, liachwe, akalipeleka kwa wafukiaji. Sikuandika life. Na habari ya mkataba wenu nimeijua leo, nimeukuta mezani kwake. Chini yake kuna mchoro wa hoteli ya wageni. Lango la hoteli liko hapa tuliposimama."

Kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Hoteli.

Suqin alichomeka beleshi lake ardhini na kuliegemea. "Nikuulize kitu, Yue. Mwaka huu Lulu za Joka zilivunwa lini?"

"Tarehe kumi na nne Septemba."

"Na huwa zinavunwa lini?"

Yue alianza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Za mwisho," Suqin alijibu mwenyewe. "Baada ya Merlo, baada ya Kaberne. Oktoba, asubuhi unavuna umevaa glovu. Mwaka huu tukaambiwa tuanze nazo. Nilitafuna zabibu mbele ya baba yako, nikamwonyesha mbegu kiganjani. Zilikuwa za kijani kibichi. Nikamwambia bado wiki tatu. Akaniambia mtaalamu ndiye ameagiza, na mtaalamu ni wewe."

"Mimi?" Yue alimwangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. "Baba aliniambia nyinyi ndio mlioomba kuvuna mapema. Kwamba mna harusi kusini, mnataka kusafiri wote."

"Harusi ya nani?" aliuliza Shangazi Tuo. "Mbona sijaalikwa?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili, na kicheko hicho kilikuwa kichungu. Kang alikuwa amezivuna mbichi ili ziwe na ladha mbaya. Zikiwa na ladha mbaya, binti yake mwenyewe angeandika barua. Na barua ikiandikwa na mtaalamu aliyesomea Ufaransa, nani angeuliza?

Yue hakucheka. Alivua koti lake la mjini na kulitundika kwenye nguzo. "Kule Bordeaux," alisema, "zabibu hii walikuwa nayo zamani. Ilikuwa yao. Mizabibu ikaugua, wakapanda mingine, hii ikawapotea. Leo wanaisoma vitabuni. Sisi tumesimama katikati yake, na mimi nimeandika barua." Akanyoosha mkono. "Nipeni beleshi. Mstari gani hauna mtu?"

"Wa kumi na mbili," alisema Suqin. "Ni wangu. Chukua."

Hapa ningependa kuwaambia kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Hakikwenda.

Huko Ufaransa mizabibu haifukiwi, inasimama wima mwaka mzima kama askari. Ya kwetu hupandwa imeinama kuelekea mashariki, kichwa cha huu kwenye miguu ya mwenzake, kusudi siku ya kulala isivunjike. Kila anayefukia anajua hivyo, na kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna aliyefikiria kumwambia Yue. Yeye miaka mitatu amefanya kazi ndani, na mapipa.

Alishika mzabibu wa kwanza kwa mikono miwili na kuusukuma magharibi.

Mlio wa shina kuvunjika ulisikika mpaka mstari wa kwanza.

Suqin alikuja mbio. Yue alikuwa amepiga magoti, ameshikilia shina lililopasuka kana kwamba angeweza kulirudisha. Ndani mti ulikuwa mweupe na mbichi.

"Nimeuua," alisema. "Nimekuja kusaidia, nikaua."

"Umevunja shina. Mizizi haijasikia hata habari yako." Suqin aliuchukua mkono wake na kuuweka juu ya mzabibu uliofuata. "Huu hapa. Usiulazimishe. Uulize unaelekea wapi. Unaona? Wenyewe unataka kwenda kule. Goti hapa. Sasa udongo."

"Na huu uliovunjika?"

"Fukia vilevile. Hatuachi mtu nje."

Yue alifukia. Alifukia wa pili, wa tatu, na kufikia wa kumi alikuwa anapumua kama wengine na kutukana kokoto kama wengine. Saa nane kiganja chake kilipasuka. Shangazi Tuo alikifunga kwa kipande cha kitambaa, akakikaza kuliko ilivyohitajika.

"Tambi zangu bado nazidai," alimnong'oneza.

"Nitakupikia mimi."

"Mungu apishe mbali. Niletee unga tu."

Saa tisa na nusu upepo ulikuwa umeanza kutulia, na hiyo si habari njema. Upepo ukitulia huku Novemba, baridi inakaa chini kama mgeni aliyeamua kulala. Udongo wa juu ulianza kushika ngozi ngumu. Wakaongeza kasi. Kilichosikika ni vyuma na pumzi.

Saa kumi, jua likiwa bado kiganja kimoja juu ya Helan, Suqin alimwaga beleshi la mwisho juu ya mzabibu wa mwisho wa mstari wa mwisho. Akalipigapiga tuta. Halikutiririka.

Matuta kumi na mawili yalilala pale, marefu, meusi, yamenyooka. Wanawake walikaa chini walipokuwa. Yue alikuwa analia bila sauti na hakujua kama analia.

"Lala salama," Suqin aliliambia shamba.

Na hapo ndipo waliposikia trekta.

Ilikuwa inakuja kutoka ghalani polepole, na kabla haijafika walijua ni ipi. Kampuni ina trekta nyingi, lakini moja tu imefungwa ile mashine ya kufukulia, yenye majembe marefu ya pembeni na brashi ya chuma. Huwa inatoka mara moja kwa mwaka, masika. Sasa ilikuwa inatoka Novemba, na Kang alikuwa amesimama kwenye ngazi yake, ameshikilia mlango.

Aliyeendesha alikuwa Kaka Bai, dereva wa siku zote. Aliisimamisha mwanzoni mwa tuta la kwanza.

"Fukua," Kang alisema.

"Bosi, hii ni Novemba."

"Najua tarehe."

"Basi na mimi najua." Kaka Bai alizima injini, akashuka upande wa pili, akatia mikono mifukoni. "Bega langu linauma. Limeanza sasa hivi."

"Baba," Yue alisema. Alikuwa amesimama, mikono yote udongo mpaka viwiko. "Uliniambia ni wao walioomba kuvuna mapema."

Kang hakumtazama. "Nenda nyumbani, Yue."

"Uliniambia ni wao."

"Unadhani nafurahia?" Sasa alimtazama, na kwa dakika moja alikuwa mtu mchovu tu wa miaka sitini. "Wanunuzi wa Shanghai wanataka chupa iliyoandikwa Kaberne na Merlo, majina wanayoyajua. Wageni wanataka mahali pa kulala. Nisipowapa, mwakani hakuna kiwanda, na hawa wote unaowalilia watavuna nini?"

"Uza Kaberne yako," Suqin alisema. "Uza Merlo yako. Hoteli ijenge kwenye ardhi yako, unayo ya kutosha, mimi nimeifukia yote. Hii si yako. Na haitakuwa yako, kwa sababu iko hai, na wewe umeona kwa macho yako kwamba iko hai, ndiyo maana umekuja na majembe."

Kang aligeukia usukani uliokuwa mtupu. Kabla ya kuwa bosi alikuwa dereva, na trekta hakuwa ameisahau. Alipanda, akakaa, akawasha. Majembe yalishuka mpaka yakagusa udongo.

Suqin alitembea mpaka kwenye tuta la kwanza. Akakaa. Kisha akajinyoosha juu yake kwa mgongo, kichwa kikielekea mashariki kama mizabibu iliyokuwa chini yake, na kukunja mikono kifuani.

Shangazi Tuo aliguna, akaliendea tuta la pili. "Magoti yangu haya," alisema. "Nikishalala msinitegemee kuamka haraka." Akalala. Wa tatu akalala. Wa nne. Kwenye la kumi na mbili alilala Yue, na Kaka Bai, na bega lake linalouma, akakaa ukingoni karibu yake.

Majembe yalikuwa hatua tano kutoka miguuni mwa Suqin. Moshi wa injini ulimpita usoni. Aliiona anga tu, imetulia, haina wingu, anga ya usiku wa kuua.

Kang alitoa kichwa dirishani. "Mtalala hapo mpaka lini?"

Suqin hakuinua kichwa.

"Mpaka Aprili," alisema.

Injini ilinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Kisha Kang akaingiza gia, na haikuwa gia ya kurudi nyuma.